KONA YA MWALIMU: Kitu Usichokiona ni Kama Huna

 

Mwezi huu naongea hasa na wale ambao kazi yao inatembea: anayepeleka nguo kuuza Bweyale, fundi wa simu, mshonaji anayefunga cherehani nyuma ya boda, na wahudumu wa afya wanaozunguka klasta na mkoba. Nitawasimulia jinsi nilivyofundishwa kupanga vifaa vya kazi ndani ya gari, na kosa lililofanya nifundishwe.

Mnakumbuka shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na madarasa yote yakarudi Januari 2022. Mimi nilikuwa nimeshamaliza sekondari na sina kazi. Mdogo wangu alitakiwa karo ya kurudi darasani, na mama hakuwa nayo. Basi nikaenda Tororo kwa fundi mmoja anayejuana na familia yetu. Huyo Mzee karakana yake ni gari, Corolla ya zamani. Kutwa anapanda na kushuka barabara ya Tororo na Malaba akitafuta malori yaliyokwama.

Januari hiyo kazi ilikuwa nyingi. Upande wa Kenya madereva walikuwa wamegoma kwa sababu ya kulipishwa kipimo cha Korona mpakani, malori yakasimama siku nyingi kwenye foleni. Yakishavuka, hili betri imekufa, lile tairi halina upepo.

Jioni moja tulimkuta dereva wa trela kando ya barabara, tairi la nyuma limepasuka. Jua lilikuwa linazama. Amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa bado ipo, na saa moja tulitakiwa tuwe ndani. Kwa hiyo tulikuwa na haraka. Mzee akaingia chini ya trela na jeki, akaniambia, "Kijana, weka laifseva." Hizo ni zile pembetatu nyekundu zinazong'aa, za kuonya magari yanayokuja.

Nikafungua buti. Ndani ilikuwa vurugu tupu: pampu juu ya cheni, cheni juu ya makopo, makopo juu ya turubai. Aliyepakia asubuhi ni mimi. Nilijua laifseva zimo, ila sikujua ziko wapi. Nikaanza kuchimba kama kuku. Mara nasikia honi. Lori la mafuta linatoka upande wa Malaba, jua linampiga dereva usoni. Alifunga breki mpaka matairi yakalia, akapita karibu sana na miguu ya Mzee iliyokuwa imetokeza barabarani. Mzee alivuta miguu ndani. Mimi nilibaki nimesimama na pampu mkononi.

Nilingoja matusi. Hakunitukana. Alitoka, akapangusa magoti, akasema, "Laifseva tunazo. Lakini kitu usichokiona ni kama huna."

Kesho yake kabla ya kazi tulitandika turubai chini, tukatoa kila kitu. Alinifundisha hivi:

Kwanza, vizito vikae chini na vibanwe kwenye mgongo wa kiti. Jeki ikiachwa huru, siku ya breki kali itaruka na kumpiga mtu kichwani.

Pili, kinachohitajika kwanza kipakiwe mwisho. Laifseva, tochi na kizima moto vilikaa mlangoni mwa buti, na hakuna kingine kilichoruhusiwa juu yake.

Tatu, vya maji maji visimame. Mafuta ya injini na ya breki tuliyaweka kwenye kreti ya soda, kila chupa na shimo lake. Solusheni ya panchari na petroli havikai juani wala karibu na mvuta sigara.

Nne, vidogo viwe pamoja. Viraka, valvu na nati viliingia kwenye makopo ya Blue Band, kila kopo limeandikwa. Kwa spana tulimpa mshonaji kipande cha turubai, akatutengenezea mifuko midogo kutoka ndogo mpaka kubwa. Jioni tunaangalia. Mfuko ukiwa mtupu, ujue spana imebaki chini ya lori la mtu.

Tano, vyeti havikai na vifaa. Hili Mzee hakunifundisha, nilikuwa nalijua kwa mama. Mwaka 2008, tulipokimbia vita vya baada ya uchaguzi Kenya, nilikuwa na miaka 8. Tulivuka Malaba bila sufuria wala blanketi. Lakini mama alikuwa ametia vyeti vyetu vya kuzaliwa kwenye nailoni, akavifunga kiunoni kwa leso. Katika kambi ya Mulanda, na baadaye huku, tulipoandikishwa, watoto wake wote walikuwa na majina na tarehe zao. Mpaka leo kadi yangu ya mkimbizi iko kwenye nailoni, ndani ya shati. Gari linaweza kuibwa au kuungua, shati ninalo mwilini.

Baada ya hapo tulipofika kwenye lori, laifseva zilikuwa barabarani kabla Mzee hajavua koti. Kazi iliyotuchukua saa nzima ikawa inaisha mapema, na kwa siku tukapata malori mengi zaidi. Karo ya mdogo wangu ilipatikana humo.

Sasa mimi ni mwalimu wa kujitolea na gari sina. Nina mkoba. Chaki na rejista viko juu, vitabu vizito mgongoni, chupa ya maji imesimama nje. Ni somo lile lile.

Zoezi la nyumbani: Jumamosi hii mwageni mkoba, kikapu au sanduku la kazi la mzazi juu ya mkeka. Watoto waulize kila kitu kinatumika lini. Rudisheni ndani, cha kwanza kutumika kikiwa cha mwisho kuingia. Halafu zimeni taa, mzazi akitafute gizani. Akikipata bila kuchimba kama kuku, mmefaulu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Wenu, Mwalimu