Mkono Mtupu Haulambwi

Tangu tarehe 9 Machi 2018, siku Uhuru Kenyatta na marehemu Raila Odinga walipopeana mikono katika ngazi za Jumba la Harambee, "handshake" haijawatoka vinywani wanasiasa wa Kenya. Na hasa tangu William Ruto na Raila huyohuyo walipotia saini mapatano yao tarehe 7 Machi 2025, tunasomewa "broad-based government" asubuhi na jioni, hata katika taarifa za habari za Kiswahili. Nami, nisiye na ugomvi na lugha ya Waingereza, naiona ada hiyo kuwa ni sitara, wala si ufasaha.

Wako wasemao kwamba Kiingereza ni lugha rasmi kwa ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, na kwamba, kwa kuwa si cha kabila lolote, hupoza mambo yenye kuchoma. Ni kweli, ila ibara hiyohiyo imekifanya Kiswahili kuwa rasmi vilevile, na zaidi ya hayo kuwa lugha ya taifa.

Lakini hebu litafsirini neno lile "handshake", mwone. Mswahili akiambiwa kuwa wawili wamepeana mkono, huuliza kwanza ni mkono gani, wa tahania, wa tanzia au wa buriani. Kisha, kwa kuwa amelelewa akisikia kwamba mkono mtupu haulambwi, huuliza ndani yake mlikuwa na nini, na ni nani aliyelamba. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyostahili kuulizwa siku ile ile pale ngazini, na neno la kigeni, lisilo na methali wala wazee masikioni mwa mchuuzi wa soko la Kongowea, likapita salama salimini.

Wala msinambie kuwa lugha yetu haikidhi haja. Mwaka 2008, mapatano ya Mwai Kibaki na Raila yalipozaa baraza la mawaziri 40, wakubwa walisema "grand coalition". Raia wakasema "serikali ya nusu mkate", na kwa maneno hayo wakawa wamekwisha kuyafasiri mapatano yote, kwani mkate una aliyeukanda, una aliyeukata, una waliokaa mezani, na una walioachwa mlangoni wakinusa. Lipi katika hayo linaonekana ndani ya "broad-based"? Upana wa nini, na ni kwa nani? Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao wasirudi makwao, walistahili jawabu ambalo mama zao wangeweza kulihoji. Lililokuja Julai ni viti vya uwaziri kwa watu wa ODM, chama cha Raila, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa cha Kiingereza. Hiyo si adabu ya lugha, ni dharau.

Basi mtangazaji atakayesoma habari za serikali hiyo kesho na aseme neno moja tu: wamegawana. Kisha anyamaze kidogo, amsikilize msikilizaji akiuliza: nini?