Mzinga Hauulizi Wewe ni wa Upande Gani

Msee wa Kiandutu, ukisikia "mzinga" najua akili imekimbia wapi. Weka chupa chini kidogo. Leo ni ule mzinga wa jeshi.

Cheki vile inafanya. Lori moja ya BM-21 inatema roketi 40 ndani ya sekunde 20, na zinafika karibu kilomita 20. Yaani lori iko Ruiru, keja yako ya mabati iko huku Kiandutu. Anayefyatua haoni mabati. Anaona namba kwa ramani.

Sasa, kwetu Saba Saba ni maandamano ya 7 Julai, ama ile taun unapita ukipanda mat ya Murang'a. Lakini kwa Waganda wa 1979, Saba Saba ilikuwa roketi za jeshi la Tanzania. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera 1978, yakaiba na kuua. Februari 1979 Watanzania wakaitwanga Masaka kwa mizinga, wakaingia, halafu wakalipua majumba yaliyobaki, kisasi cha Kagera. 11 Aprili Kampala ikaanguka. Amin alihepa, akafia Saudi Arabia 2003. Wenye nyumba za Masaka je?

Rudi nyuma zaidi. Meli ya Wajerumani, Königsberg, ilimalizwa Rufiji mwaka wa 1915. Mizinga yake 10 ikatolewa ikapigane nchi kavu. Nani aliivuta msituni? Mwafrika, kwa kamba. Mmoja bado uko Fort Jesus, Mombasa. Nao Waingereza walibebewa mizigo na wapagazi wa Carrier Corps, ndio maana Nairobi kuna mtaa unaitwa Kariokor.

Na usidhani ni stori za kina guka. Januari 2025, M23 wakiingia Goma, makombora yalivuka mpaka yakaua watu Gisenyi, upande wa Rwanda. Watu walikuwa kwao tu. Hiyo ni Goma ile ile masoja wetu walitumwa Novemba 2022, wakatoka Desemba 2023.

Kwa hivyo msee akikaa hapo base aseme "si wawalipue tu, vita iishe," muulize swali moja: hiyo roketi ikianguka, ni keja ya nani itaenda? Ya mkubwa iko na ukuta, tena yeye ana tiketi ya ndege. Wewe na mimi tuko na mabati.