Mashine Haina Inda

Lipo neno moja ambalo nimelisikia vinywani mwa wanafunzi, walimu na wazazi, na kila nilisikiapo hunikera: "Mashine imekataa." Kompyuta isipowaka, imekataa. Programu isipofunguka, imekataa. Msemaji akiisha kulitamka neno hilo hukunja mikono yake, akajiona ametolewa katika wajibu, kana kwamba kitu cha bati na nyaya kina moyo wa kuchukia na ulimi wa kubisha. Msomaji kijana, nimekusudia kulishtaki neno hili mbele yako. Nasema ni neno la uvivu, na mwenye kulizoea huiuza akili yake kwa hasara. Na kwa kuwa mshtaki hana budi kuleta ushahidi, nitaleta wangu. Nao wanilaumu mimi kwanza.

Wako watu duniani wanaotumia redio kuongea na wenzao wa mbali, si kwa mshahara wala kwa biashara, bali kwa mapenzi ya elimu. Hao huitwa wanaredio wa ridhaa. Serikali huwapa leseni, na kila mmoja hupewa alama ya wito iliyo yake peke yake. Alama za Kenya huanza kwa 5Z4, za Uganda kwa 5X, za Tanzania kwa 5H. Zamani waliongea kwa sauti zao, au kwa milio mifupi na mirefu ya Morse. Mwaka wa 1998 Mwingereza Peter Martinez aliwapa namna mpya iitwayo PSK31, ambayo kwayo kompyuta ya nyumbani, kwa sehemu yake ya sauti tu, iliweza kuandika na kusoma maandishi yaliyopita angani.

Baadaye alitokea Mmarekani Joe Taylor. Huyu ni mtaalamu wa nyota. Mwaka wa 1974 yeye na mwanafunzi wake Russell Hulse waligundua jozi ya nyota zinazozungukana, na kwa kazi hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1993. Mtu aliyezoea kutafuta mnong'ono wa nyota katikati ya kelele za anga hakushindwa kutafuta mnong'ono wa binadamu. Mwaka wa 2001 alitoa programu yake ya kwanza ya redio, na mwaka wa 2017 yeye na mwenzake Steve Franke wakatoa namna iitwayo FT8, herufi mbili za mwanzo zikiwa za majina yao. Programu inayoiendesha huitwa WSJT-X. Haiuzwi, kila mtu huruhusiwa kuichukua, kuitumia, na hata kuyasoma maandishi yaliyoiumba.

Fikiri kidogo jinsi ifanyavyo kazi, maana hapa ndipo penye kiini cha shtaka langu. Katika FT8 kila dakika hugawanywa vipande 4 vya sekunde 15. Mmoja hurusha ujumbe katika kipande hiki, mwenziwe humjibu katika kipande kifuatacho. Kurusha kwenyewe huchukua sekunde 12.64. Katika muda huo redio hutoa milio 79, na kila mlio huchaguliwa katika milio 8 iliyoachana kwa hezi 6.25, hata ujumbe wote hukaa katika upana wa hezi 50. Sauti ya mtu asemaye redioni huhitaji upana wa hezi 2,500 hivi. Ujumbe wenyewe ni biti 77 tu, lakini kabla ya kurushwa huongezewa biti za ulinzi mpaka zikafika 174, ili kelele zikizila baadhi yake, zilizosalia zitoe habari za zilizopotea. Kwa hila hiyo programu huweza kuusoma ujumbe hata pale ambapo nguvu ya kelele, katika upana wa hezi 2,500, imeizidi nguvu ya ujumbe mara 100. Sikio lako halitasikia kitu ila mvumo. Kompyuta itaandika jina.

Lakini ajabu hii ina sharti lake. Kompyuta ya arushaye na ya asikilizaye sharti zihesabu sekunde pamoja. Zikiachana kwa sekunde moja, mambo huanza kuwa magumu. Zikiachana kwa sekunde kadha wa kadha, hakuna kinachosomeka. Likumbuke sharti hilo.

Shuleni kwangu palikuwa na kompyuta moja iliyostaafishwa. Betri yake ndogo ya duara, ile itunzayo saa wakati umeme umezimwa, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila jioni nikiiwasha niliiandikia saa kwa mkono wangu. Nilikuwa nimepata redio ya kupokea mawimbi mafupi, nikatupa waya wa mita 10 juu ya mwembe, nikaunganisha tundu la sauti la redio na tundu la maikrofoni la kompyuta. Vijana wanne wakaja kutazama. Hatukukusudia kurusha neno lolote, maana hatukuwa na leseni. Tulitaka kusikiliza tu.

Jioni ya kwanza hatukupata kitu. Mmoja wetu alipokohoa, rangi zilichezacheza katika kioo. Hapo tuligundua kwamba programu haikuwa ikiisikiliza redio hata kidogo. Ilikuwa ikitusikiliza sisi, kwa maikrofoni iliyomo ndani ya kompyuta. Tuliibadili. Jioni ya pili sauti ilikuwa kubwa mno, ikajaa na kuharibika, tuliipunguza. Jioni ya tatu tuliitega redio katika kilohezi 14,074, na nyuzi za rangi zikaonekana zikiteremka katika kioo kama mvua kwenye dirisha. Kila uzi ulikuwa ni mtu anayeita. Lakini hapana hata neno moja lililoandikwa. Jioni ya nne, vivyo hivyo. Jioni ya tano, vivyo hivyo.

Nilimwuliza fundi mmoja mjini. Alisema bila kuigusa, "Hiyo imezeeka, Mwalimu. Imekataa. Nunua nyingine." Nami, nilivyochoka, nililipokea neno lake kama dawa. Hata hivyo fedha za kununua nyingine sikuwa nazo, na aibu mbele ya vijana nilikuwa nayo tele. Basi nikafanya jambo baya ambalo neno lile huzaa daima: nilipokwisha kuilaumu mashine, nilitafuta mtu wa kumlaumu. Palikuwa na kijana mmoja wa kidato cha tatu, mdadisi, ambaye alipenda kufungua kurasa za mipangilio ya programu. Nilimkaripia mbele ya wenzake kwamba yeye ndiye aliyeiharibu, nikamkataza kuigusa tena.

Kijana hakubisha. Jioni ya sita alikaa nyuma, kimya. Nilipokuwa nikiandika saa katika kompyuta alinyosha mkono.

"Niwie radhi, Mwalimu. Saa hiyo waitoa wapi?"

"Naitoa ukutani," nilimjibu kwa ukali.

"Lakini, Mwalimu, hiyo ya ukutani ndiyo hutuchelewesha kwenda kula kila siku."

Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Tuliiunganisha kompyuta na intaneti kwa simu yangu, tukaifanya iulize saa ya kweli. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika 3 na sekunde 7. Sasa zingatia, msomaji: dakika 3 ni vipande 12 kamili vya sekunde 15, kwa hiyo hazikutudhuru kitu. Zile sekunde 7 ndizo zilizotufunga siku tatu. Wala tusingeweza kusingizia umbali, maana wimbi la redio huweza kuizunguka dunia yote katika muda usiofika sekunde 0.2. Tuliporekebisha sekunde zile, dakika moja haikupita kabla kioo hakijajaa maandishi: alama za wito za Italia, za Urusi, za Bara Hindi. Watu wale walikuwa wakituita muda wote. Kompyuta haikuwa imekataa. Ilikuwa ikitii, kwa uaminifu mkubwa, uongo niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake walewale niliomkaripia mbele yao. Haikuwa rahisi. Lakini nilimnyang'anya haki yake hadharani, na isingefaa kumrudishia mafichoni.

Ndiyo maana nalichukia neno lile. Ubaya wake si kwamba laitukana mashine. Mashine haina heshima ya kuvunjiwa. Ubaya wake ni kwamba huufunga mlango wa swali. Asemaye "imekataa" hataki kujua kwa nini. Asemaye "sijaelewa bado" amekwisha kuanza kuelewa.

Najua nitapingwa. Mmoja atasema, "Nina simu mfukoni, nami huongea na Ulaya nikitaka, taabu hii ya nini?" Jawabu langu ni hili: simu ni kitu chema, wala siidharau. Lakini simu za kizazi cha 5 nazo hulinda maneno yako kwa hesabu za jamaa moja na zile za FT8. Tofauti ni kwamba katika simu hesabu hizo zimefichwa usizione, na katika redio ya ridhaa zimewekwa wazi uzisome. Je, wewe wataka kuwa mpanda gari siku zote, usijue hata siku moja kilichomo chini ya boneti?

Wa pili atauliza, "Je, jambo hili litatoka katika mtihani?" Maswali ya namna hiyo hunihuzunisha, walakini nitalijibu. Chukua milio 79, kila mmoja una sekunde 0.16, zidisha, utapata zile sekunde 12.64. Chukua ramani ya dunia, uigawanye miraba ya nyuzi 2 za longitudo na nyuzi 1 ya latitudo. Ndiyo anwani ya wanaredio, na Nairobi imo katika mraba wa KI88, Mombasa katika KI95. Uliza kwa nini wimbi lifike Italia hali dunia ni mviringo, nawe utafundishwa habari za tabaka la juu la hewa linalolipinda wimbi na kulirudisha chini. Hiyo ni hesabu, jiografia na fizikia katika meza moja. Mtihani ukiogopa kuuliza hayo, aibu ni ya mtihani.

Wa tatu ni mpinzani ninayemheshimu, kwa sababu yu miongoni mwa wanaredio wenyewe. Husema kwamba FT8 si mazungumzo; kompyuta mbili hubadilishana majina na namba, hali wenyewe wameketi wakinywa chai. Kuna kweli katika neno lake. Anayebonyeza kitufe bila kujua kinachotendeka hakuongea na mtu, ametazama tu. Lakini hilo halivunji hoja yangu, bali laitia nguvu. Kosa si la programu. Kosa ni la anayeipokea kama sadaka asiyotaka kujua imetoka wapi.

Kwa hiyo, msomaji kijana, nakusihi ushike desturi hii. Kitu kisipofanya kazi, fuata njia yake tangu mwanzo hadi mwisho, hatua kwa hatua. Je, waya unaleta sauti? Sauti inaingia katika tundu unalolidhani? Kiasi chake kinafaa? Redio imetegwa mahali pake? Saa ni ya kweli? Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, uandike ulilobadili na lililotokea. Ukibadili matano pamoja na kitu kikatengenea, utafurahi, lakini hutajua kilichokuponya, na kesho utaugua tena. Ukikwama, mwulize ajuaye. Kuuliza si uvivu. Uvivu ni kumkabidhi mwingine akili yako, uje uchukue kazi iliyokwisha. Na ukitamani kurusha, wala si kusikiliza tu, tafuta kwanza leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, maana anga ni mali ya wote na ina sheria zake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami niliinama, nikakikuta kosa langu mwenyewe kikinisubiri kule chini. Saa ile ya ukutani ingali pale. Tumeisahihisha, na kila mwanzo wa muhula kijana mmoja huchaguliwa kuilinganisha na saa ya kweli mbele ya darasa. Wa kwanza kupewa kazi hiyo alikuwa ni yule niliyemkataza kugusa.