Joka Amekwisha Kushindwa
Mwandishi mmoja aliyedai kwamba ushindi juu ya Shetani ungali mbele, na kwamba hadi hapo tujikinge kwa mafuta ya upako, hakuisoma Ufunuo 12 hadi mstari wa 11. Pale watakatifu wamekwisha kumshinda joka, yaani Shetani, na silaha zao zimetajwa: damu ya Mwanakondoo, neno la ushuhuda wao, na moyo wa kutoogopa kufa. Chupa ya mafuta haimo. Hukumu ya mwisho ya sura ya 20 siikatai. Lakini Augustino, baba wa Kanisa la kale, aliihesabu ile miaka 1,000 ya kufungwa kwa Shetani katika sura hiyo kuwa ni zama hizi za Kanisa, yaani amekwisha kufungwa. Hata hivyo, nimemwona mjane akitoa nauli ya kurudia nyumbani anunue chupa ya mafuta hayo. Wachungaji, mrudishieni fedha yake.