Mkataba wa miaka 999 wawakosesha Kerala usingizi

BWAWA la Mullaperiyar limo katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ila funguo zake zashikwa na jirani, Tamil Nadu. Mwaka 1886, mtawala wa Travancore aliwakodishia Waingereza eneo hilo kwa miaka 999. Ukuta wa mawe na chokaa ulikamilika 1895, na tangu hapo sehemu ya maji ya mto Periyar hupitishwa handakini hadi mashamba makavu upande wa mashariki.

Kerala, iliyokumbwa na mafuriko makubwa 2018, yataka bwawa jipya. Tamil Nadu yasisitiza la zamani ni imara. Wakulima wa mashamba hayo huyategemea maji yake. Mahakama ya Juu iliruhusu kina cha futi 142 mwaka 2014. Wanaoishi chini ya ukuta wangali wakiomba kipunguzwe.