Mtoto hahukumiwi kwa mchezo mmoja

Ilikuwa alfajiri ya Ijumaa, Juni 6, 2025. Katika nyumba moja ya Nyasho, Musoma, mama alipeleka mkono chini ya mto kutafuta simu yake akaikosa. Aliikuta sebuleni, mikononi mwa kijana wake wa kidato cha tatu, imepata moto kama pasi. Chaji ilikuwa inakata na bando la wiki nzima lilikuwa limekwisha.

Kijana alikuwa akitazama mchezo wa kwanza wa fainali ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani. Kule Oklahoma mchezo ulianza saa moja na nusu usiku. Huku kwetu ilikuwa saa tisa na nusu usiku.

Asubuhi ile wenye dagaa wa mwalo wa Mwigobero walimpigia mama huyo, simu haikupatikana, mzigo ukachukuliwa na mteja mwingine. Jioni ikaja ripoti ya shule. Hisabati, alama 18 kati ya 100.

Mama akampigia mumewe, ambaye ana mashine ya kusaga mjini Bunda na huja nyumbani mwisho wa wiki. Baba hakusema mengi. Jumamosi alifika, akauchukua mpira wa kijana, akaupasua kwa kisu uani mbele ya wadogo zake. "Kikapu kimekwisha katika nyumba hii," akasema. Kijana alitazama tu, hakujibu neno.

Jumapili asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu.

Mzazi yeyote aliyewahi kumtafuta mtoto anajua saa zile zinavyokwenda. Mama alizunguka kwa marafiki wa mtoto, akaenda uwanjani anakochezea, kisha akashuka ziwani akiwa na hofu asiyotaka kuitaja. Saa nane mchana simu ikaita kutoka Butiama. Kijana alikuwa kwa bibi yake, mzaa baba. Alikuwa amepanda gari stendi ya Bweri kwa fedha zake za akiba.

Bibi anauliza

Bibi hakumgombeza. Alimpa ugali wa muhogo na samaki, akamwacha ashibe. Kisha, wakiwa wanamenya muhogo chini ya mti, akamuuliza: "Mjukuu wangu, huo mpira una nini hata ukukoseshe usingizi?"

Tangu ripoti ilipofika, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza swali. Kijana akaanza kueleza.

Alimwambia kwamba ligi hiyo ilianzishwa mwaka 1946 ikiwa na jina jingine, na ikaitwa NBA mwaka 1949. Fainali ya kwanza ilichezwa mwaka 1947, Philadelphia Warriors wakawafunga Chicago Stags michezo minne kwa mmoja.

"Michezo minne?" bibi akashangaa. "Fainali si mchezo mmoja, kama Simba na Yanga wakikutana fainali ya kombe?"

"Hapana bibi. Ni michezo hadi saba. Anayetangulia kushinda minne ndiye bingwa. Miwili ya kwanza inachezwa kwa mwenyeji mwenye rekodi bora ya msimu, miwili inayofuata kwa mwenzake, kisha wanapokezana."

"Kwa hiyo ukifungwa leo hujafukuzwa?"

"Hujafukuzwa. Unalala, unaangalia ulipokosea, unarudi."

Bibi akatikisa kichwa, akaendelea kumenya.

Kijana akamweleza habari za Boston Celtics, waliotwaa ubingwa miaka minane mfululizo, kuanzia 1959 hadi 1966. Mchezaji wao Bill Russell alikuwa bingwa mara 11 katika misimu 13, na sifa yake kubwa ilikuwa kuzuia na kuwasaidia wenzake kuliko kufunga pointi nyingi.

Akamweleza fainali ya 1969. Los Angeles Lakers walifungwa na Boston katika mchezo wa saba, lakini mchezaji bora wa fainali akachaguliwa Jerry West wa Lakers. Mpaka leo ndiye pekee aliyepata tuzo hiyo akiwa upande ulioshindwa.

"Hao wamefanya haki," bibi akasema. "Waliona kazi yake, hawakuangalia matokeo peke yake."

Waafrika katika fainali

Bibi akataka kujua kama Waafrika nao wamo. Hapo kijana alisogea karibu zaidi.

Alimtaja Hakeem Olajuwon, aliyekulia Lagos, Nigeria. Alipokuwa mdogo alicheza mpira wa mikono na kudaka katika soka, kikapu akakianza akiwa tayari kijana mkubwa. Aliiongoza Houston Rockets kutwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995, na miaka yote miwili akawa mchezaji bora wa fainali. Mwaka huo wa 1995 Houston walimaliza msimu wakiwa wa sita upande wa magharibi. Hakuna timu iliyoanzia chini hivyo ikawa bingwa, kabla yao wala baada yao.

Alimtaja Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alikwenda Marekani kusoma, ndoto yake ikiwa udaktari. Alifika fainali mwaka 2001 akiwa na Philadelphia. Walishinda mchezo wa kwanza, kisha wakafungwa minne mfululizo na Lakers. Alirudi fainali mwaka 2003 akiwa na New Jersey, wakafungwa tena. Hakuwahi kuwa bingwa. Lakini mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa ilifunguliwa, nayo ina jina la mama yake. Alifariki dunia Septemba 2024.

"Huyo hakushinda?" bibi akauliza.

"Fainali hakushinda, bibi."

"Mwenye kumjengea mama yake hospitali ameshinda."

Kijana akaendelea na Pascal Siakam wa Kameruni, aliyesomeshwa seminari alipokuwa mtoto. Mwaka 2019 alifunga pointi 32 katika mchezo wa kwanza wa fainali na Toronto wakawa mabingwa. Aliyekuwa mkuu wa timu hiyo wakati huo, Masai Ujiri, baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mkenya. Na Siakam huyohuyo ndiye aliyekuwa akichezea Indiana katika fainali iliyomgharimu kijana huyu usingizi wake.

"Na wa kwetu Tanzania?"

"Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, bibi. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia."

Thabeet naye alianza kikapu akiwa na umri wa sekondari, akapita Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchukuliwa na Memphis. Hakucheza fainali. Katika kundi lile la 2009, aliyechaguliwa wa saba alikuwa Stephen Curry, ambaye ametwaa ubingwa mara nne: 2015, 2017, 2018 na 2022. Wa pili na wa saba, na siku ile ya kuchaguliwa hakuna aliyejua nani atafika wapi.

Baba anafika Butiama

Jumatatu baba alipanda gari kutoka Bunda, akashuka Makutano, akachukua bodaboda hadi Butiama. Njiani alikuwa amepanga maneno. Alipofika alimkuta kijana anapasua kuni na mama yake ameketi kwenye mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Akakaa. Bibi akamuuliza swali ambalo hakulitarajia: "Hao waliofungwa Ijumaa, wamefanyaje?"

Baba hakuelewa. Kijana akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Oklahoma City Thunder walikuwa wamefungwa na Indiana Pacers nyumbani kwao, 111 kwa 110, kwa mpira uliorushwa sekunde ya mwisho. Bibi akamwambia mwanawe atazame kwenye simu. Baba akatazama. Usiku wa kuamkia siku hiyo Oklahoma walikuwa wamelipa, 123 kwa 107. Sasa ilikuwa moja kwa moja.

"Haya," bibi akasema. "Hao Wamarekani na fedha zao zote wanampa mtu michezo saba ndiyo waseme ameshindwa. Wewe mwanao umempa mmoja."

Baba akataja alama 18. Akataja dagaa waliopotea. Bibi akakubali kwamba yote mawili ni makosa na mtoto lazima ayalipe. Kisha akamkumbusha jambo ambalo watoto wake hawakulijua: yeye mwenyewe alirudia darasa la saba. "Baba yako alisema ukachunge ng'ombe. Mimi nikasema arudie. Mashine ya Bunda unayoiringia imetoka hapo."

Kijana alimtazama baba yake. Baba alitazama chini muda mrefu.

Makubaliano

Walirudi Musoma siku iliyofuata na jioni wakaketi watatu, baba, mama na kijana. Kwanza kijana alimwomba mama yake radhi kwa simu na kwa mzigo uliopotea, na likizo hiyo akawa anaamka kumsaidia kupokea dagaa mwaloni ili kufidia. Baba naye alisema neno ambalo wababa wengi huona gumu: alikosea kuupasua ule mpira. Aliahidi mwingine, lakini si siku hiyo.

Walikubaliana kwamba simu ya mama inalala chumbani kwa mama. Michezo ya usiku haitazamwi. Vipande vya mchezo vinatazamwa asubuhi, kwa bando lililopangiwa kiasi. Hisabati itasomwa kila siku ya likizo kwa msaada wa jirani aliye mwalimu, na jioni uwanjani anakwenda. Mtihani wa kufunga mwaka ndio utakaoonyesha kama mpango umefaa. Mtihani mmoja wa Juni umeonyesha tu kwamba kuna tatizo.

Nyumba nyingi za Mara, na kwingineko, zina kijana kama huyu. Kuna wa kikapu, wa soka, wa muziki na wa michezo ya kwenye simu. Kabla ya kisu au fimbo, yapo mambo matatu ya kumsaidia mzazi.

La kwanza ni usingizi. Wataalamu hupendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Anayekesha kuanzia saa tisa usiku hawezi kuielewa hisabati asubuhi, hata awe na akili kiasi gani. Hapo mzazi asilegeze. Simu isilale na mtoto.

La pili ni kuuliza. Kijana yule aliweza kukumbuka miaka, matokeo na majina ya fainali za karibu miaka 80 bila daftari. Huyo si mtoto asiye na kichwa. Mzazi akijua mwanawe anakumbuka nini, na kwa nini, amepata mlango wa kuingilia. Hata asilimia za mitupo inayoingia kikapuni ni hesabu, na mwalimu yule jirani alianzia hapohapo.

La tatu ni ukweli kuhusu ndoto. Michezo ya UMISSETA imewaibua vijana wengi nchini, na mtoto mwenye kipaji anastahili nafasi ya kukionyesha. Lakini wanaofika ligi kubwa ni wachache mno. Mutombo na Thabeet wote walipita chuo kikuu. Mtoto aambiwe hivyo bila kukatishwa tamaa: shule na uwanja havigombani, vikipangiwa saa.

Fainali ile ya 2025 ilikwenda hadi mchezo wa saba, wa ishirini wa namna hiyo katika historia yote ya fainali hizo. Ulichezwa alfajiri ya Jumatatu, Juni 23, kwa saa za kwetu. Oklahoma, timu ambayo Thabeet aliwahi kuichezea, walishinda 103 kwa 91 na kuwa mabingwa, wale wale waliofungwa nyumbani usiku wa kwanza.

Nyasho kijana alikuwa amelala. Saa moja asubuhi simu ya mama yake iliita. Alikuwa baba, kutoka Bunda, sauti ya mashine ikinguruma nyuma yake.

"Mwamshe huyo," alisema. "Muulize nani kachukua. Bibi yake amenipigia tangu saa kumi na mbili anataka kujua."