Kinyesi cha Mbwa Wangu Si Kazi ya Bure

Kila mwisho wa mwaka tunarudi Izimbya, sisi tuliosoma na kuajiriwa, tukiwa na magari yenye matope hadi kwenye vioo. Tunafikia nyumba tulizojenga kwa mikopo ya watumishi, nyumba ambazo kwa miezi kumi na mmoja hulindwa na mbwa wawili na kijana mmoja. Majina ya mbwa tunayajua. Jina la ukoo la kijana, wengi wetu hatulijui.

Nami nimo katika kundi hilo, na ninaandika kama mkosaji. Desemba iliyopita niliona mguu wa kijana anayetunza nyumba yangu. Chini ya ngozi ya unyayo palikuwa na mistari myekundu iliyojipinda kama njia ya mchwa, naye alikuwa ameikwaruza mpaka ikatoa maji. Wiki mbili nzima alikuwa akiichokonoa kwa sindano akidhani ni funza. Mganga wa zahanati alipouona mguu hakuuliza habari za funza. Aliuliza kama nyumbani kuna mbwa na ni nani anayezoa kinyesi chao.

Nilimuuliza kijana kwa nini hakuvaa mabuti. “Mabuti yapi, Mwalimu?” akanijibu kwa adabu. Sikuwa na la kusema, kwa kuwa sikuwahi kuyanunua.

Ile mistari ni njia za lava wa minyoo ya safura ya mbwa. Mayai hutoka na kinyesi, na katika udongo wenye unyevu na kivuli huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Baada ya siku tano hadi kumi lava wanaweza kupenya ngozi ya mtu asiye na viatu. Ndani ya ngozi ya binadamu hupotea njia, wakabaki wakitambaa. Sasa niambieni, ni wapi penye unyevu na kivuli kuliko kibanja cha Mhaya, chini ya migomba, juu ya matandazo ya nyasi, katika nchi inyeshayo mvua kama Bukoba? Kuna na minyoo mingine, ya mviringo, ambayo mayai yake hukaa ardhini kwa miaka na huwadhuru zaidi watoto, kwa sababu mtoto hucheza na udongo kisha akatia kidole mdomoni.

Ndiyo maana neno muhimu katika hoja yangu ni ratiba. Kinyesi kinachozolewa “Mwalimu anapokuja” kimekwisha kufanya kazi yake. Kinachozolewa kila siku, au walau mara mbili kwa wiki, kinaondoka kabla lava hawajawa tayari kupenya. Lakini kazi ya ratiba ni kazi kamili, na kazi kamili ina ujira.

Nilipolisema hili kwenye baraza la jirani, watu walicheka. Niliwaeleza kwamba Marekani wapo watu ambao riziki yao ni kupita uani kwa wateja kila wiki kuzoa kinyesi cha mbwa, kwa bei iliyotajwa na makubaliano yaliyoandikwa. Na kwamba jimbo la New York lilianza mwaka 1978 kumlazimisha mwenye mbwa kuokota mwenyewe kinyesi kilichoangushwa mitaani katika jiji lake kuu. Mzee mmoja akaniambia hizo ni anasa za watu waliokosa shida. Ninamheshimu mzee huyo, lakini amekosea. Huko kazi ile imepewa jina na bei. Hapa Izimbya inafanywa vilevile, kila asubuhi, na vijana wetu, kwa jembe kuukuu na miguu mitupu, bila jina na bila bei. Anasa hiyo tunaifaidi sisi, tena bila kuilipia.

Wengine watasema mbwa wa kijijini wamekuwepo tangu enzi za mababu na hakuna aliyekufa. Mbwa wa babu alikuwa mmoja, akizurura na kuwinda, na kinyesi chake kilitawanyika porini. Sisi tumejenga uzio wa tofali, tukafungia ndani mbwa wakubwa watatu, tukawalisha dagaa na ugali, kisha tukamfungia kijana humo humo. Ua huo huo ndio tunaoanikia kahawa. Robusta yetu hukaushwa na maganda yake, siku nyingi juani, mara nyingi juu ya turubai chini. Tunalalamikia bei ya kahawa katika kila mkutano, na mbwa wetu wanapita juu yake usiku.

Kwa watumishi wenzangu wa umma nina neno zaidi. Tangu tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa ili watu wafanye usafi, tumekuwa mabingwa wa kushika mifagio mbele ya kamera. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafagia mbele ya ofisi, tunapigwa picha, tunaondoka. Jumapili asubuhi, nyumbani kwetu, kuna mtoto wa mtu anakusanya kinyesi cha mbwa kwa kipande cha ndoo, na picha yake haipigwi.

Nanyi wanaharakati mnaoandaa semina za haki za wafanyakazi, anzeni na nyumba zenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri. Hizo zilikuwa shilingi 2,000 kwa siku, na walikuwepo wasiozifikisha. Ndani ya hizo 2,000 tumeingiza ulinzi, kufyeka, kuchota maji, kupalilia, kuanika kahawa na kinyesi cha mbwa, kisha tukaita jumla yake “kumsaidia kijana wa nyumbani”. Msaada gani huo unaomwachia mtu minyoo mguuni?

Nyumbani kwangu sasa kuna karatasi yenye sahihi mbili. Kinyesi kinazolewa Jumatatu na Alhamisi kwa koleo la mpini mrefu, kwa mabuti na glovu nilizonunua mimi. Kinatupwa katika shimo lenye mfuniko, mbali na kisima, na hakiwekwi kamwe kwenye mboji ya mboga. Kila mara ni shilingi 3,000, nje ya mshahara. Mbwa wanapewa dawa ya minyoo kila miezi mitatu na chanjo ya kichaa kila mwaka. Nikiwa nyumbani, zamu ni yangu, na majirani wamekwisha kuja uzioni kumtazama daktari wa falsafa akiwa na koleo. Kijana amekwisha kuombwa na nyumba mbili nyingine awafanyie kwa bei hiyo hiyo. Moja imekubali, ya pili, ambayo mwenyewe ni ofisa wa serikali, inaona 3,000 ni nyingi na imependekeza 500.

Katika mkutano ujao wa kijiji nitaomba jambo hili liwe ajenda. Nitaomba kila mwenye mbwa ndani ya uzio asimame ataje mambo mawili: nani anazoa, na analipwa kiasi gani. Ofisa wa shilingi 500 nimeshamjulisha kwamba nitaanza na yeye.